Baraza ya Gari la Moshi: Kuunda Stesheni Ndogo Nyumbani



Shule zikifungwa, kina mama hutuuliza kila mara: ni kazi gani ya mikono iliyo safi, isiyo na gharama kubwa, ambayo watoto wetu wa kiume na wa kike wataishika baada ya Alasiri badala ya kuinamia simu mpaka Magharibi? Leo tuna jibu ambalo huenda likawashangaza baadhi yenu. Tunapendekeza reli ndogo ya mfano. Na katika reli hiyo tunapendekeza kuanzia pale ambapo wengi humalizia, yaani kwenye jukwaa la stesheni, ile baraza ndefu ambapo abiria husimama na mizigo yao wakilingojea gari la moshi.

Wanaoipenda kazi hii Ulaya huanza na injini, na si ajabu, kwani kwao ni mchezo wa siku nyingi. Kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilitoa treni za kuchezea zenye vipimo maalumu vya reli mwaka 1891, na Frank Hornby wa Liverpool, Uingereza, akafuata na zake mwaka 1920. Katika mji wa Hamburg kuna jumba zima la reli za namna hiyo, Miniatur Wunderland, lililofunguliwa mwaka 2001, ambalo watu husafiri kutoka nchi za mbali kwenda kulitazama. Lakini injini moja iliyo nzuri, ikifika huku kwetu, bei yake yaweza kulingana na karo ya muhula. Sisi hatuoni kwamba mzazi ana haja ya kuingia katika gharama hiyo, na israfu tumekatazwa. Tena injini huja kutoka dukani ikiwa imekwisha kukamilika, na mtoto hana la kufanya ila kubonyeza kitufe. Jukwaa halina haja ya fundi wa Ujerumani. Linataka kadibodi, gundi, kisu, rula na mtu wa kuulizwa.

Huyo mtu wa kuulizwa ndiye aliyetufanya tushike kalamu juma hili. Reli ya mita moja ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Ziwa Viktoria mwaka 1901. Ikawabeba watu wetu kwa zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 2017 treni ya Madaraka Express ilipoanza kazi katika reli mpya, ikiondokea Miritini, safari ile kongwe ya usiku baina ya Mombasa na Nairobi ilikoma. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo hivi sasa yuko skuli, anasoma na kuandika, na hajapata kuiona safari ile. Nyanya yake ameiona. Karibu kila nyumba ya mwambao ina mtu aliyepanda gari la moshi la usiku, akiwa anakwenda arusini, au hospitali, au kumfuata mume aliyepata kazi bara. Watu hao wanajua mambo ambayo hayamo katika picha wala vitabu, nao wanapungua kila mwaka.

Tulikuwapo katika nyumba moja ya jamaa zetu ambapo kijana wa miaka kumi na mitatu alikuwa ameunda jukwaa zuri kweli kweli. Alifuata vipimo vya Kiingereza, uso wa jukwaa ukakaribiana na sakafu ya behewa. Nyanya yake akaja, tasbihi mkononi, akalitazama kisha akacheka.

“Hili la wapi, mwanangu?”

“La stesheni ya kwenu, nyanya. Ile ya kabla ya Voi.”

“Basi si lenyewe. Kwetu palikuwa chini, karibu sawa na ardhi. Ukipanda, sharti mtu awe juu akuvute mkono, na buibui umelikusanya hivi, ulibane kwapani. Ukishuka na mtoto, unampokeza mtu kwanza, ndipo ushuke.”

Kijana akamuuliza alishuka na mtoto gani, maana alijua kwamba mamake alizaliwa Mombasa. Yule bibi akanyamaza kidogo. Kisha akasema kwamba kabla ya mama huyo alikuwa na mtoto mwingine, mwanamume, aliyempeleka Mombasa kwa gari la moshi akiwa na homa, na aliporudi alishuka peke yake. Akaweka kidole juu ya kadibodi. “Hapa hivi, karibu na tangi la maji.” Mama wa kijana, aliyekuwa akikata mboga mlangoni, aliacha kisu. Miaka yote hiyo hakuwahi kuambiwa kwamba alikuwa na kaka. Jioni ile jukwaa lilibanduliwa likaundwa upya likiwa chini, na tangi la maji likawekwa upande alioonyesha nyanya. Marehemu yule mdogo sasa ana jina katika dua za nyumba ile.

Kwa hiyo turudi kwenye kimo, kwa kuwa ndicho kitu cha kwanza ambacho wengi hukikosea. Jukwaa la kawaida la Uingereza lina kimo cha milimita 915 kutoka juu ya reli, na majengo ya mfano yanayouzwa kwenye maboksi hufuata kipimo hicho au vingine vya Ulaya. Stesheni nyingi ndogo za kwetu hazikujengwa hivyo. Jukwaa lilikuwa la chini, pengine udongo ulioshindiliwa na kuzuiwa kwa ukingo wa mawe, na mabehewa yalikuwa na vidato vya kupandia. Anayeweka jukwaa la juu la Kiingereza kando ya behewa la Afrika Mashariki ameunda stesheni isiyokuwapo popote.

Sasa hesabu, ambayo ni somo zuri kwa mwanafunzi. Skeli iliyoenea zaidi duniani huitwa HO, na ndani yake kila kitu hupunguzwa mara 87. Reli mpya ya Madaraka, yenye upana wa milimita 1,435, inakuwa milimita 16.5, na hiyo ndiyo reli ya kuchezea inayopatikana kwa urahisi. Reli yetu kongwe ya mita moja inakuwa milimita 11.5, na mafundi huichukulia kuwa 12. Mtu wa kimo cha mita 1.70 anakuwa na milimita 19 na nusu. Jukwaa la kimo cha sentimita 35 ni milimita 4 tu, yaani tabaka mbili za kadibodi nyembamba ya boksi. Behewa la mita 18 ni kama sentimita 21. Zile injini kubwa za mvuke za Garratt, daraja la 59, zilizoundwa Manchester na Beyer, Peacock katika miaka ya 1950 na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, zilikuwa na urefu wa karibu mita 32, kwa hiyo zinafika sentimita 36 na ushei. Moja yao, Mount Gelai, imehifadhiwa katika makumbusho ya reli Nairobi, na anayekwenda huko na watoto asikose kuipitia. Mtoto akisimama kando ya magurudumu yake ndipo atakapofahamu maana ya kugawanya kwa 87.

Kutokana na hesabu hiyo utaona kwamba jukwaa la mabehewa matano litapita mita moja, na si kila nyumba ya Mji wa Kale ina nafasi hiyo. Sisi tunashauri stesheni ndogo ya njiani, yenye jukwaa la mabehewa mawili, sentimita 45 hivi, juu ya ubao mmoja unaoingia chini ya kitanda. Mama mwenye nyumba ndiye atakayeamua ubao utakaa wapi, na aulizwe kabla gundi haijafunguliwa.

Vipimo vingine vitatoka wapi, ikiwa stesheni yenyewe imebomoka au iko mbali? Katika picha. Reli ya mita moja ina neema yake: upana baina ya reli mbili ni milimita 1,000 kamili, kwa hivyo picha yoyote iliyopigwa kutoka mwisho wa jukwaa, reli zikionekana, ina rula ndani yake. Mtoto apime kwa rula upana wa reli katika picha pale ambapo jukwaa linaanza, kisha apime kimo cha jukwaa mahali hapo hapo. Ikiwa reli ni milimita 20 katika picha na jukwaa ni milimita 7, basi jukwaa halisi ni sentimita 35. Majengo hupimwa kwa mlango, ambao aghalabu hukaribia mita mbili, au kwa kuhesabu safu za matofali. Na mwenye kutaka kwenda mwenyewe kupima aombe idhini na asiingie relini.

Kazi yenyewe si ngumu, ila inataka subira. Kadibodi ikilowa upande mmoja hupinda, kwa hiyo ipakwe gundi ya mbao iliyozimuliwa kwa maji pande zote mbili, iachwe ikauke chini ya uzito wa vitabu. Tunasema vitabu vya skuli. Misahafu na vitabu vya dini havifanyiwi kazi hiyo. Kisha tabaka zigandishwe, na pembeni ubandikwe ukanda wa karatasi ngumu, mfano ya jalada la daftari, uliochorwa mawe kwa kalamu ya wino uliokwisha. Kalamu hiyo huacha mfereji mwembamba bila kukata, na rangi ikipita juu yake mawe hujitokeza. Mawe yasilingane sana. Mwashi wa kweli huchagua jiwe linalokaa, na mtoto anayechora visanduku sawasawa kama daftari la hesabu ataharibu kazi nzima kwa unadhifu. Miisho miwili ya jukwaa iteremke polepole. Katika majukwaa ya Kiingereza mteremko haukuzidi sehemu moja kwa kila sehemu nane za urefu, na kwetu hiyo inatosha.

Jukwaa likiwa kwenye pinda, tahadhari. Behewa refu likipinda, tumbo lake huingia ndani ya pinda na ncha zake hutoka nje, hivyo jukwaa lililo ndani hugongwa na tumbo, na lililo nje hugongwa na ncha. Dawa yake ni rahisi. Fungeni penseli ubavuni mwa behewa refu kuliko yote mliyo nayo, karatasi iwe chini, na lisukumweni kwa mkono kutoka mwanzo wa pinda hadi mwisho. Mstari utakaoandikwa ndio mpaka, na jukwaa likae milimita moja au mbili nyuma yake. Hili lifanywe kabla ya kugandisha chochote. Penseli ihamishwe: kwa jukwaa la ndani ifungwe katikati ya behewa, kwa la nje ifungwe kwenye ncha.

Uso wa jukwaa ndipo tunapopenda kukaa zaidi, kwa kuwa hapo ndipo stesheni za kuchezea husaliti kwamba ni za kuchezea. Watoto hukimbilia mchanga wa pwani. Punje ya mchanga ya milimita moja, ukiizidisha mara 87, ni jiwe la karibu sentimita 9. Jukwaa lililomwagiwa mchanga huo lingemvunja abiria kifundo cha mguu. Chukueni udongo wenyewe wa mahali, ule mwekundu wa Taru na Voi ikiwa stesheni ni ya huko, muukaushe juani na kuuchunga kwa kitambaa chepesi mpaka uwe vumbi. Pakeni gundi iliyozimuliwa, nyunyizeni vumbi, ngojeni, puliza, rudieni. Kwa sehemu ya saruji, karatasi ya msasa mwembamba kabisa ya rangi ya kijivu inatosha bila ya kupakwa chochote. Majani ya chai yaliyokwisha kutumika, yakikaushwa vizuri, hufaa kuwa takataka za chini ya mti. Unga hatuuruhusu, ni riziki.

Rangi nazo zizimuliwe kwa nyeupe kidogo. Kitu kikiwa kidogo rangi yake huonekana kali mno, na paa jekundu la dukani likiwekwa juu ya jengo la sentimita tano hupiga kelele. Tena jukwaa haliliwi na miguu sawasawa. Mbele ya dirisha la tiketi na mbele ya mlango hupauka na kung'aa kidogo. Nyuma ya tangi la maji kuna unyevu na majani. Kwenye ukingo, pale mikokoteni ilipokuwa ikipakia, mawe yamebanduka. Hayo yote hupatikana kwa kumuuliza aliyesimama hapo: watu walikuwa wakikaa wapi, kivuli kilikuwa wapi saa kumi, muuza mihogo aliweka karai upande gani? Nyanya akijibu, mtoto apake rangi.

Paa la mabati huhitaji hila. Mikunjo ya bati halisi iko umbali wa sentimita 7 hadi 8, ambao kwa skeli yetu haufiki milimita moja. Kateni foili ya jikoni, ilazeni juu ya skrubu ndefu yenye uzi mwembamba, muisugue kwa kidole; itatoka na mikunjo. Kwa visu na skrubu, walio chini ya miaka kumi wawe na mkubwa karibu. Na vipande vidogo visiachwe mahali mtoto mchanga anapotambaa.

Yapo masuala mawili ambayo kina mama hutuuliza, nayo tuyajibu. La kwanza ni la sanamu za watu. Wazungu hujaza majukwaa yao vijitu vya milimita 19, na duka likiuza jukwaa huuza na watu wake. Nyumba, miti na magari hayana tatizo. Kuhusu sanamu za wenye roho, wanavyuoni wamekhitilafiana, na walio wengi wamevitoa vitu vya kuchezea vya watoto katika makatazo, kwa ushahidi wa Bi Aisha, radhi za Allah zimshukie, aliyekuwa na wanasesere wake naye Mtume, rehema na amani zimshukie, akiwaona na asimkataze. Kwa hiyo reli ya mtoto, anayoichezea na kuibomoa, haina dhiki. Ubao wa mtu mzima unaowekwa sebuleni kwa kutazamwa ni jambo jingine, na huko sisi huchukua la tahadhari. Wallahu a'lam. Lakini hata kwa upande wa ufundi tunaona kwamba jukwaa bila vijitu huwa la kweli zaidi. Kijitu kilichosimama mguu mmoja mbele hakifiki mbali. Baada ya dakika moja jicho linajua kwamba hakitembei. Wekeni badala yake vitu vya watu waliotoka kidogo: kikapu cha ukili kilichofungwa kwa kamba, mkeka uliotandikwa kivulini, birika kando ya ndoo, baiskeli iliyoegemezwa nguzoni, sanduku la bati lenye kanga iliyofungwa mkononi mwake. Mtazamaji atawaona wenyewe.

La pili ni kwamba mchezo huu ni wa wavulana. Hatujui kauli hiyo imetoka wapi. Mkono uliozoea sindano, hina na kusuka ukili ndio mkono wenyewe wa kazi hii, na katika madrasa tumeona wasichana wakikata nguzo za milimita mbili bila kuvunja hata moja. Tena habari za wanawake relini ni nyingi na hazikuandikwa. Daraja la pili la treni ya usiku lilikuwa na vyumba vya vitanda vinne, vya wanawake mbali na vya wanaume, isipokuwa familia ilipochukua chumba kizima. Mambo yaliyozungumzwa usiku kucha katika vyumba hivyo, baina ya Mswahili, Mtaita na Mhindi wasiojuana, yanajulikana na mama zetu peke yao.

Anayetafuta mahali mahususi pa kuunda, tunampendekezea Mackinnon Road. Hapo kando ya reli upo msikiti wenye kaburi la Seyyid Baghali Shah, Mwislamu aliyetoka Punjab na kufanya kazi katika ujenzi wa reli. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa ujenzi ule, na takriban 2,500 kati yao walifariki. Visa vinavyosimuliwa juu ya Seyyid huyu hatuvitilii mkono wote. Kwamba ni Mwislamu aliyefanya kazi kwa jasho akafa mbali na kwao, hilo linatosha kumwombea dua. Msikiti na reli vikiwa katika ubao mmoja, mtoto atauliza kwa nini msikiti uko hapo, nasi tutakuwa na la kumjibu.

Kibao cha jina ndicho cha mwisho kuwekwa. Vibao vingi vya reli ile vilitaja pamoja na jina kimo cha mahali kutoka usawa wa bahari. Msikisie nambari. Itazameni katika picha ya stesheni hiyo hiyo, kwa kioo cha kukuzia ikibidi, na herufi ziandikwe kubwa kwenye karatasi kisha zipunguzwe kwa mashine ya fotokopi.

Tunawaomba wenye picha za zamani za Mazeras, Mariakani, Maji ya Chumvi, Samburu, Taru, Mackinnon Road, Buchuma au Maungu, hasa zile ambazo reli zinaonekana chini ya miguu ya watu, watuletee nakala msikitini baada ya sala ya Ijumaa. Nakala tu, picha yenyewe ibaki nyumbani. Nyuma ya nakala liandikwe jina la stesheni, mwaka ikiwa unajulikana, na ni nani aliyekuwa akisafiri siku hiyo.